Kilichofungiwa Chini

Vijana waliniuliza kama Mkristo anaweza kutazama muvi za kuogofya. Nyingi sitazami, na zile za kuchezea mapepo sizitetei kamwe. Lakini kuna moja ilinikamata: The Babadook, ya Australia, 2014. Mumewe Amelia alikufa kwa ajali akimpeleka hospitali kujifungua. Miaka karibu saba, Amelia hataki mumewe atajwe. Vitu vyake amevifungia chini ya nyumba. Hata siku ya kuzaliwa mtoto haisherehekewi tarehe yenyewe. Halafu dude linabisha hodi.

Sasa nisikize. Tulipomzika baba yangu nilikuwa mweka hazina wa kamati. Nilijua kila shilingi ya hema na jeneza. Sikulia. Watu wakasema, "Pasta ana imani." Imani gani? Simu ikilia usiku, jasho linanitoka, nikijua ni kifo kingine. Waebrania 2:15 inasema juu ya watu waliofanywa watumwa na hofu hiyo. Mmoja wao alikuwa anawahubiria.

Yesu alijua atamfufua Lazaro, na bado akalia mbele ya watu wote. Lakini kwanza aliuliza wamemweka wapi. Mwisho wa muvi dude halifi, Amelia analilisha kule chini. Hapo tunaachana na muvi, kwa sababu Yesu alienda mpaka kaburini akaagiza jiwe liondolewe.

Ijumaa kwenye kesha tumetenga saa nzima kwa waliofiwa. Njoo na picha ya mtu wako. Tutamtaja kwa jina. Mimi nitaanza na baba.