Steringi Hafi? Man of Steel na Mwokozi Tunayemtarajia



Kila inapotoka muvi mpya ya Superman, ubishi kuhusu ile ya mwaka 2013, Man of Steel, unafufuka. Wengine wanasema ilikuwa kali, wengine wanasema ilituangusha. Mimi nina upande wangu, ila kabla ya kuusema tukumbushane tuliahidiwa nini.

Superman si wa jana. Vijana wawili Wayahudi wa Cleveland kule Marekani, Jerry Siegel na Joe Shuster, ndio waliombuni, na akatokea mara ya kwanza kwenye kitabu cha katuni mwaka 1938. Ilipofika 2013 mambo yakawa makubwa: mwongozaji Zack Snyder, mtayarishaji Christopher Nolan aliyekuwa ametoka kukamilisha filamu zake tatu za Batman, muziki wa Hans Zimmer. Trela zilituambia hii si muvi ya ngumi tu. Kampuni ya Warner Bros. ilifikia hatua ya kuwaalika wachungaji wa Marekani waitazame mapema, na ikawaandalia maelezo ya mahubiri yanayomhusisha Superman na Yesu. Yaani matarajio yenyewe yalipandishwa hadi madhabahuni!

Na alama zimejaa kweli. Baba anamtuma mwanawe duniani. Mwana analelewa kijijini, Kansas, bila watu kumjua ni nani. Anajulikana kwa ulimwengu akiwa na miaka 33. Kuna mahali anaelea angani ametandaza mikono kama aliye msalabani. Mkatoliki hahitaji kuelezwa.

Sasa, je, ilitimiza matarajio? Jibu langu: nusu.

Sehemu ya kwanza inagusa. Jonathan Kent, mkulima aliyemlea Clark, anakufa kwenye kimbunga huku akimnyooshea mkono mwanawe kumwambia asije. Anakubali kufa ili siri ya mtoto isifichuke kabla ya wakati. Mzee wa watu hana nguvu zozote za ajabu, lakini pale ndipo nilipoona upendo.

Halafu inakuja sehemu ya mwisho. Maghorofa ya Metropolis yanaporomoka moja baada ya jingine, jiji linageuka vumbi, na katikati ya vumbi hilo shujaa na Lois Lane wanapigana busu. Jamani! Waliofukiwa chini ya vifusi nani anawalilia? Muvi haina muda nao. Mwishoni Superman anamvunja shingo adui yake, Jenerali Zod, ili kuiokoa familia iliyokuwa inakaribia kuunguzwa.

Tusikimbilie kumhukumu. Kanisa linafundisha kwamba kuwalinda wasio na hatia ni haki, na wakati mwingine ni wajibu. Tatizo langu si kwamba alitenda dhambi. Tatizo ni kwamba muvi iliyotuahidi mwokozi mwishowe ilikuwa na jibu moja tu kwa uovu: kumpata mwenye nguvu kuzidi mwovu. Na ukifikiri vizuri, hata Zod anajiona mwokozi. Anataka kuwaokoa watu wake wa Krypton, tena kwa nguvu hizohizo. Superman ana moyo mzuri, sawa. Lakini dawa ni ileile.

Kuna kitu kidogo kwenye muvi hiyo ambacho wengi hamkukiona. Clark akiwa kijana anaonewa na wenzake, na mkononi ameshika kitabu cha Plato. Sisi tuliopitia falsafa tunakifahamu: ni Jamhuri. Katika sehemu ya pili ya kitabu hicho, Glaukoni anasimulia habari ya pete inayomfanya mtu asionekane. Anauliza: mtu akipata uwezo ambao hakuna anayeweza kumwadhibu, ataendelea kutenda haki? Hilo ndilo swali la masuperhero wote! Lakini Glaukoni haishii hapo. Anaendelea kusema kwamba mtu mwenye haki kamili, asiye na sifa wala ulinzi wowote, mwisho wake atapigwa mijeledi, atateswa, na kutundikwa. Hayo yaliandikwa karne ya nne kabla ya Kristo.

Muvi ilimpa Clark kitabu, lakini haikumfikisha kwenye ukurasa ule. Vilevile, anapokwenda kanisani kuongea na padre, nyuma yake kuna kioo cha rangi chenye picha ya Yesu akisali Gethsemane. Picha imemkalia mgongoni. Yeye anaiacha pale na kwenda zake. Yesu alipotoka kwenye bustani ile alikwenda kufa, na Mathayo anatuambia (26:52-53) kwamba angeweza kuomba majeshi ya malaika, lakini akaamuru upanga urudishwe alani.

Tangu tukiwa wadogo kwenye vibanda vya video tunaijua sheria: steringi hafi. Hata wale waliomdhihaki chini ya msalaba walikuwa na sheria hiyohiyo, wakamtaka ashuke ndipo wamwamini. Steringi wetu hakushuka. Alikufa kweli, akazikwa kweli, na ufufuko wake haukuwa mbinu ya kukwepa kifo bali ushindi baada ya kukipitia.

Kwa nini nayasema haya kwa vijana? Kwa sababu wengi wetu tunasali kwa Superman bila kujua. Umesali novena nzima, na mama hakupona. Umefunga, na ajira haikutoka. Ukakaa kwenye benchi la nyuma kanisani ukiwaza: "Ina maana hakuniona?" Baadaye hata benchi lile ukaliacha. Sitakuambia kwamba maumivu yako ni madogo. Ila nataka ukae kidogo na Yohane Mbatizaji.

Yohane yuko gerezani. Anatuma watu kumuuliza Yesu kama kweli ndiye ajaye (Mt 11:2-6). Yesu anamjibu kwa kutaja matendo: vipofu, viwete, wakoma, viziwi, wafu, maskini. Isaya alikuwa ametabiri pia wafungwa kufunguliwa, lakini hapo Yesu halitaji hilo. Yohane hakutolewa gerezani. Alikatwa kichwa. Na bado ndiye ambaye Yesu, palepale, alimsifu kuliko wote waliozaliwa na wanawake. Kutofunguliwa kwake hakukuwa kusahauliwa.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba tunachokitumaini ni kitu chema, cha baadaye, kigumu kukipata, lakini kinachowezekana. Kisha anasema tumaini la Kikristo linamtazamia Mungu mwenyewe, kwa msaada wa Mungu mwenyewe. Hapo ndipo matarajio na tumaini vinapoachana. Matarajio yanamwandikia Mungu mwisho wa muvi. Tumaini linamshika mkono hata pale usipojua mwisho utakuwaje.

Kwa hiyo itazameni Man of Steel, si dhambi. Furahieni muziki, mlilieni mzee Kent. Lakini wiki hii, kabla ya Misa ya Dominika, fika mapema dakika kumi. Kaa mbele ya msalaba. Usiombe kwanza; mwambie kwa maneno yako mahali alipokuangusha, kama Yohane alivyothubutu kuuliza. Kisha tazama mikono yake. Superman risasi zinamgonga na kudondoka chini, hana hata alama. Huyu wako alama anazo, na hata baada ya kufufuka hakuzifuta.

Ee Yesu, tuondolee mwokozi tuliyejichorea, utupe wewe mwenyewe. Amina.

Tuombeane, wapendwa. Dominika njema!