Ushahidi wa Mgeni wa Siku Tano

Nataka kuuliza swali moja. Mtu aliyekaa siku tano tu katika mji wa watu, ana haki gani ya kusema watu wale walivyo? Nauliza kwa sababu mimi mwenyewe nalikaa London siku tano, na nalipofika kwetu, Jumapili baada ya Ibada, watu walinizunguka chini ya mwembe wakasema, “Mwalimu, hebu tuambie, Waingereza kwao wakoje?” Nikajibu upesi, “Ni watu wasio na salamu. Mioyo yao imekauka.” Watu wakacheka sana, wakataka niseme tena, nami nikasema tena.

Neno hili halikuwa uongo mtupu. London ina magari yapitayo chini ya ardhi. Ya kwanza yalianza mwaka 1863, yakivutwa na injini za moshi humo humo shimoni, na sasa yanakwenda kwa umeme. Ndani yake watu hubanana bega kwa bega kama dagaa kikapuni, wala hakuna amwambiaye mwenziwe neno. Asubuhi ya kwanza naliketi karibu na mzee mwenye mvi, nikamwamkia kwa Kiingereza, kwa adabu tuliyofundishwa shuleni. Akanitazama kana kwamba nimemwomba fedha, kisha akatazama viatu vyake mpaka aliposhuka. Kwetu hata mwenye mzigo wa kuni kichwani husimama akajibu hali, na habari za nyumbani, na za shamba. Nalitahayari. Usiku ule nikaandika katika daftari yangu kwamba mji huu hauna utu.

Walakini siku ya tatu, katika kituo kimoja, nalimwona mama kijana amesimama chini ya ngazi ndefu, ana kigari cha mtoto, na mtoto amelala ndani. Hakuomba msaada. Mtu mmoja aliyekuwa akipita kwa haraka akashika upande wa mbele wa kigari pasipo kuambiwa, mama akashika nyuma, wakapanda hata juu. Mtu yule akakiweka chini taratibu, asimwamshe mtoto, akaenda zake. Hakungoja hata shukrani. Kesho yake nikaona vile vile katika kituo kingine.

Jambo hili sikuliandika, wala sikulisema chini ya mwembe. Sikulisahau. Naliona lingeharibu hadithi yangu. Msafiri hana haja ya kutunga uongo. Huchagua tu atakalosema na atakaloficha, na hakuna wa kumsahihisha, maana wasikilizaji wake hawakwenda.

Nasi twajua uchungu wa jambo hili. Wageni wangapi wamepita vijijini mwetu kwa motokaa saa nne ya asubuhi, wakaona wanaume wameketi kivulini, wakaenda kuandika kwamba Waafrika ni wavivu! Wala hawakuuliza. Labda wanaume wale walikuwa matangani, na mikono yao ingali ina udongo wa kaburi.

Siku ya nne nalikwenda katika kanisa kubwa la Westminster kuliona kaburi la David Livingstone. Alifariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi iitwayo sasa Zambia. Watu wake, nao Susi na Chuma wakiwa viongozi, waliuzika moyo wake pale pale, wakaukausha mwili, wakauchukua kwa miguu miezi mingi mpaka Bagamoyo. Akazikwa London tarehe 18 Aprili 1874. Jiwe lake liko sakafuni, nalo lasema kwamba aliletwa na mikono yenye uaminifu. Mikono tu! Majina ya Susi na Chuma hayamo. Nalikasirika, nikasimama pale mpaka wenzangu wakaniita. Hasira ile nalirudi nayo nyumbani, na siku nalipokuwa nikiwasimulia watoto darasani habari za jiwe lile, sauti ikanikwama. Wale walitaja mikono wakaacha majina. Mimi nimeiacha hata mikono.

Wengine husema, basi mgeni na anyamaze. Sikubali. Martin Kayamba, aliyesoma Kiungani, alikwenda London mwaka 1931 kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge, akaandika kitabu, akakiita Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Litazameni jina lile: hakusema Waingereza walivyo. Hata barazani shahidi haulizwi tabia ya ukoo mzima; huulizwa, ulisimama wapi, uliona nini, ilikuwa saa ngapi.

Jumapili iliyopita naliwaita tena watu chini ya mwembe, nikawasimulia habari za kigari. Hawakucheka, na wengine walikwenda zao kabla sijamaliza. Bibi mmoja mzee akabaki, akauliza, “Mwalimu, mtu yule jina lake nani?”

Nikamwambia sikumwuliza, alikuwa amekwisha kwenda.

“Na yule mzee aliyetazama viatu, alikuwa na msiba gani?”

Nikasema sijui.