Wazo la Leo: Nia Mpya na Deni la Zamani

Saa saba mchana wahubiri hujaa katika bustani ya Jeevanjee jijini Nairobi, na watu wa ofisini husimama kidogo, wakasema amina, wakarudi kazini. Ni vyema. Ila Paulo katika Warumi 12:2 anataka nia ifanywe upya, na kazi hiyo haimalizwi na spika, hata iwe kubwa namna gani.

Tazama Kabete. Mwaka 1937 wajumbe wa Uamsho, harakati ya Kikristo ya toba, walifika huko kutoka Rwanda. Walioguswa na Uamsho ule walianza na mambo madogo yenye aibu: kurudisha walichoiba, kulipa madeni, kuungama mbele ya ndugu. Miaka ya 1950 wengi wao walikataa kiapo cha Mau Mau, na wako waliokataa bunduki za serikali ya kikoloni pia. Baadhi waliuawa. Msimamo wa namna hiyo haupatikani usiku mmoja. Nadhani ulianzia kwenye yale madeni.

Basi jioni hii, makanga wa matatu ya kwenda Kikuyu akikosea akakuzidishia chenji, mrudishie kabla hujashuka Kangemi. Huenda akadhani unamtania.