Nani Amelipia Viatu Vyako?



Mwaka 2009 Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, alichaguliwa wa pili kwenye drafti ya NBA. Wengi tunaocheza kikapu tunaota kama yeye, na wazazi wanaota pamoja nasi.

Lakini ndoto ina nauli. Nilipochaguliwa kwenda mashindano Moshi, mama yangu kule Mamba Miamba aliuza tangawizi aliyokuwa ameitunza kwa ajili ya mbegu. Viatu, jezi, nauli, hela ya kula. Tukafungwa mapema. Nikarudi nimenuna, hata shikamoo sikuitoa vizuri. Msimu ule mama alipanda nusu ya shamba.

Katika Luka 14:28 Yesu anatufundisha kuketi na kuhesabu gharama kabla ya kujenga. Mimi sikuketi. Mama ndiye aliyehesabu, usiku, peke yake.

Sisemi uache kikapu. Kipaji ni zawadi ya Mungu, na Mtakatifu Paulo mwenyewe alifundisha kwa mfano wa wanamichezo (1 Kor 9:24-27). Ila kabla ya kuomba hela ya safari nyingine, keti na mzazi wako, muulize: "Tukilipa hii, nani atakosa nini hapa nyumbani?" Jibu likiwa ni ada ya mdogo wako, jikaze useme, "Basi mama, safari hii nabaki." Hiyo nayo ni sadaka.

Na ukienda ukafungwa, rudi umwamkie mama vizuri.

Ee Bwana, utufumbue macho tuwaone wanaotulipia. Amina.