ALIYECHUKULIWA NA WATU WANNE

Somo: Marko 2:1–12



Katika somo letu tunasoma habari za mtu aliyepooza. Mponyaji alikuwapo mjini Kapernaumu, lakini miguu ya mgonjwa haikuweza kumfikisha kwake. Watu wanne wakambeba, na walipokuta mlango umezibwa na umati, walipanda juu wakatoboa dari. Mwinjili aeleza kwamba Bwana aliitazama imani yao, yaani pamoja na ile ya wachukuzi.

Nimelikumbuka somo hili kwa ajili ya ndugu zetu wanaovuta sigara, wala sisemi kama mtu aliyesimama mbali. Mimi mwenyewe nilivuta kwa miaka kumi na mmoja. Asubuhi niliwafundisha watoto somo la afya, na saa ya mapumziko nilijificha nyuma ya choo cha walimu. Jumapili nilitafuna majani ya mpera kabla ya kuikaribia Meza ya Bwana. Niliapa kuacha, nikarudia. Niliapa tena, nikarudia tena.

Watu wengi waliniambia kwamba ni vibaya, nami nilijua. Aliyenisaidia ni mwalimu mwenzangu mmoja, ambaye hakunihubiria hata kidogo. Kila jioni, kwa mwezi mzima, alipita kwangu akauliza neno moja tu: "Mwalimu, leo imekuwaje?" Siku ya tisa nilimjibu kwa aibu kwamba nimeanguka. Akasema, "Haya, kesho tunaanza tena siku ya kwanza." Akarudi kesho yake.

Siku hizi kazi ya mwalimu yule hufanywa katika nchi nyingi kwa njia ya simu. Katika jimbo la California, Marekani, ilianza mwaka 1992. Mvutaji hupiga bure, akaongea na mshauri aliyefundishwa. Hupanga naye siku ya kuacha, kisha mshauri ndiye anayempigia, mara kwa mara, hasa siku za mwanzo. Uchunguzi umeonyesha kwamba wanaopigiwa hivyo huacha kwa wingi kuliko wanaopewa kijitabu tu. Jirani zetu wa Kenya wanayo namba ya bure 1192, ya NACADA, kwa walionaswa na ulevi na dawa za kulevya.

Nchi yetu ilitunga sheria ya kusimamia bidhaa za tumbaku mwaka 2003, na mwaka 2007 iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku. Kifungu cha 14 cha Mkataba huo chataka wavutaji wasaidiwe kuacha, na miongozo yake ya mwaka 2010 yahimiza kila nchi iwe na simu ya ushauri. Huku kwetu Tarime na Serengeti simu ya namna hiyo haijazoeleka. Je, tukae tukingoja? Wale wanne hawakungoja mlango uwe wazi.

Nikotini si mzaha. Hufika katika ubongo kwa sekunde chache, na mwili ukiikosa hudai kwa nguvu: hasira, kukosa usingizi, mawazo kutotulia. Siku za kwanza ndizo kali kuliko zote, kisha hupungua kwa muda wa majuma machache. Tena kila tamaa, ijapokuwa kali, hupita baada ya dakika chache. Dakika hizo ndizo mtu anazohitaji sauti ya mwenzake.

Basi nashauri hivi. Kila mtaa wa usharika uchague watu wanne wenye subira na wenye kutunza siri. Anayetaka kuacha sigara au ugoro awape namba yake, nao wapokezane kumpigia kila jioni kwa mwezi mmoja. Wasimkaripie. Akianguka, wasimtangaze, wampigie kesho. Na mwenye kikohozi cha majuma mawili aende hospitali apimwe, kwa maana moshi huongeza hatari ya kifua kikuu.

Najua pia kwamba wako kati yetu wanaolima tumbaku, na kwamba ada za shule na hata sadaka zimetoka katika majani hayo. Tusiwahukumu. Ila na wajue kwamba ng'ambo ya Sirari, katika Kaunti ya Migori, tangu mwaka 2021 wakulima wamekuwa wakisaidiwa na serikali yao na mashirika ya Umoja wa Mataifa kuacha tumbaku na kupanda maharage. Mkulima naye ahitaji wachukuzi wanne.

Ndugu zangu, mara nyingi sisi wa kanisani tumekuwa ule umati uliojaa mlangoni. Tumekaa karibu sana na Yesu, tukimpa mgonjwa mgongo. Anayenuka moshi hukaa benchi la mwisho, au haji kabisa. Leo jioni kabla hujalala, mkumbuke mmoja, kisha umpigie. Usianze na onyo. Muulize tu: "Ndugu yangu, leo imekuwaje?"

Ee Bwana, uliyewapokea waliobebwa, utupe mabega ya kubebea na masikio ya kusikilizia. Amina.