Kitabu Hakijakataza

Mchezo wenyewe ni Dungeons & Dragons, uliotoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Mnakaa mezani, kila mtu anajifanya shujaa fulani, anasema anachotaka kufanya, na pale ambapo haijulikani kama kitawezekana, dadu ya pande 20 inaamua. Mmoja wenu ndiye mwamuzi, na kitabu kinampa yeye neno la mwisho. Kwenye kundi letu la Jumamosi ni mimi.

Baadhi ya mashujaa wana uchawi. Hilo neno tuliliacha mapema, maana wapo watu waliofukuzwa kwao kwa neno hilo tu. Sisi tunasema "nguvu".

Basi, kuna nguvu ya kuumba maji. Toleo la tano linatoa galoni 10, kama lita 38, ndani ya chombo kilicho wazi. (Lita 38! Viwango vya Sphere vinataka angalau lita 15 kwa mtu kwa siku. Hesabu ilishapigwa mezani kabla sijamaliza kusoma.) Dogo mmoja akaniuliza: "Yaya, pafu si chombo? Na huyu adui si amefungua mdomo? Mimi namjaza maji humo humo."

Watu wakacheka. Nikasema hapana, pafu si chombo.

"Wapi imeandikwa?"

Nikamwambia tuendelee.

Baadaye kidogo ufunguo wa mti ukaanguka ndani ya shimo la mwamba, mkono haufiki. Binti mmoja akaomba shimo lijae maji ili ufunguo uelee. Nikafurahi, nikakubali palepale. Dogo akaniangalia: "Eti shimo ni chombo, pafu si chombo?"

Alikuwa amenishika. Kwa kweli sikumkatalia kwa ajili ya neno "chombo". Nguvu ndogo kama ile, ya shujaa anayeanza, ikiweza kuua mtu yeyote kwa tamko moja, mchezo umekwisha kwa wote. Hiyo ni sababu nzuri kabisa. Ila sikuisema, nikajificha nyuma ya kitabu.

Na kujificha huko nakujua. Niliwahi kusimama dirishani, jina la mdogo wangu halimo kwenye orodha ya mgao, nikaambiwa "mfumo umekataa". Labda yule mtu alikuwa na sababu yake: akinifungulia mimi, nyuma yangu kuna foleni nzima. Angeniambia hivyo ningekasirika, lakini ningekuwa nabishana na mtu, na pengine ningemwonyesha njia ambayo hakuiona. Mfumo nibishane nao vipi? Ninyi mnaokaa upande wa pili wa dirisha, sisemi mkubali kila ombi. Mwamuzi wa kukubali kila kitu naye anaua mchezo. Lakini mtu akipewa sababu yenyewe anaweza kufikiri upya. Akipewa neno tu, anarudi nyumbani.

Jumamosi iliyofuata nikamwambia dogo mbele ya wote: "Nikikuruhusu wewe, adui naye atakujaza maji mapafuni, na hutapata hata nafasi ya kurusha dadu."

Akanyamaza kidogo. "Hilo naelewa, yaya. Sasa lile pipa tupu lililo juu ya kichwa chake? Liko wazi, na rafu umesema mwenyewe ni mbovu."

Nikampa dadu.