Hukumu Isiyoandikwa

Hapa Dakawa, jirani na mashamba ya mpunga, chama cha ANC kilijenga makazi ya Waafrika Kusini waliokimbia kwao, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Walitoka katika nchi ambayo sheria ya mwaka 1956 ilimpa waziri uwezo wa kutenga kazi kwa rangi: hii ya Mzungu, ile si yako. Ulikuwa udhalimu mtupu. Lakini, ndugu msomaji, ulikuwa umeandikwa. Mtu aliweza kuushika mkononi, akausoma, akajua anapigana na nini.

Kuna udhalimu mwingine ambao hakuna aliyeuandika. Kuanzia mwaka 2014 wahandisi wa Amazon, kampuni ya Marekani, walitengeneza programu ya kuwachambua waombaji kazi na kuwapa nyota, moja hadi tano. Waliifundisha kwa maombi ya miaka 10 iliyotangulia, na mengi yalikuwa ya wanaume. Basi ikajifunza hivyo. Mwombaji aliyetaja kuwa nahodha wa klabu ya sataranji ya wanawake alishushwa, ingawa hakuna aliyeiamuru. Wahandisi waliirekebisha isiyajali maneno ya namna hiyo, lakini hawakuwa na hakika kwamba haitapata uchochoro mwingine. Wakaiacha, na mwaka 2018 Reuters ikaitangaza habari hiyo.

Wako wasemao afadhali mashine, maana haina shemeji. Undugu katika kuajiri tunaujua sana, sina haja ya kuueleza. Ila mashine iliyofundishwa kwa maamuzi ya wenye mashemeji imewarithi mashemeji wote, bila hata kuwajua majina.

Binti wa jirani yangu aliomba kazi ya ukarani kwa simu, katika kampuni moja ya mjini. Jibu la kukataliwa lilifika kabla chai haijachemka. Kama amesomwa na mtu au na mashine, ujumbe haukusema. "Babu," aliniuliza, "nimekosa nini?"

Nadhani swali hilo ni deni. Anayemnyima mtu riziki anadaiwa sababu, hata ikiwa sababu mbaya, maana sababu mbaya hubishaniwa. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kudai kwamba uamuzi unaomgusa sana usitolewe na mtambo peke yake. Binti ameshaandika barua yake. Tunatafuta pa kuipeleka; ule ujumbe haukuwa na jina la mtu.